Mkataba, Ardhi na Jumuiya: Chimbuko la Kriketi kama Mchezo Uliopangwa na Sababu za Kutoota Mizizi Njombe na Makambako

1.0 Utangulizi

Katika viwanja vya shule za msingi za Njombe na Makambako, kama ilivyo kwingi Tanzania, watoto hucheza rede. Wawili husimama pande mbili na kumlenga kwa mpira wa matambara yule aliye katikati, naye hukwepa huku, mara nyingi, akijaza mchanga katika chupa. Rede ina ushindani, ina ufundi na ina hesabu ya alama. Hata hivyo, kanuni zake hubadilika kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, na shule mbili zikikutana hulazimika kwanza kuafikiana ni rede ya wapi itakayochezwa. Haina chama, haina uwanja uliopimwa, wala haina kitabu cha kanuni.

Kriketi nayo ilianza hivyo. Kwa takriban miaka 200 ilikuwa mchezo wa watoto, kisha wa vijana wa vijijini, katika malisho ya kondoo ya kusini-mashariki mwa Uingereza, na kila parokia iliucheza kwa namna yake. Makala haya yanafafanua mambo yaliyougeuza mchezo huo kuwa mchezo uliopangwa, kisha yanayatumia mambo hayo kueleza kwa nini kriketi, iliyoshika mizizi Zanzibar, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, haikufanya hivyo katika nyanda za juu za Njombe na Makambako. Hoja inayotetewa ni kwamba kilichosafiri kutoka Uingereza kwenda Bombay, na kutoka Bombay kuja Afrika Mashariki, hakikuwa gongo na mpira peke yake. Mchezo ulisafiri ndani ya vyombo vitatu: mkataba ulioandikwa, ardhi iliyotengwa na jumuiya yenye uanachama. Palipokosekana vyombo hivyo, mchezo haukubaki.

Hoja hii inapingana na maelezo mawili yaliyozoeleka. La kwanza husema kwamba kriketi ni mchezo wa Wahindi na Wazungu, kana kwamba asili ya mtu huamua mchezo wake. La pili hudai kwamba mchezo huo ni mgumu kueleweka. Yote mawili hayatoshi, kama mfano wa Uganda utakavyoonyesha katika sehemu ya 3.0.

2.0 Kutoka malishoni hadi kwenye kanuni

Ushahidi wa mapema unaokubalika na wengi kuhusu kriketi haumo katika habari za michezo bali katika shauri la ardhi. Mwaka 1597, kwa kalenda iliyotumika Uingereza wakati huo, mahakama ilisikiliza mgogoro juu ya kipande cha ardhi mjini Guildford, Surrey. Shahidi mmoja, John Derrick, aliyekuwa na umri wa takriban miaka 59, alieleza kwamba alipokuwa mwanafunzi yeye na wenzake walikuwa wakicheza kriketi katika ardhi hiyo. Ushahidi wake unaurudisha mchezo nyuma hadi karibu mwaka 1550. Yeyote aliyewahi kuhudhuria baraza la ardhi la kata ataitambua mantiki ya Derrick: matumizi ya muda mrefu, hata yakiwa ya watoto wakicheza, ni ushahidi juu ya ardhi.

Kwa karne iliyofuata, mchezo huonekana katika kumbukumbu pale tu palipotokea kosa au maafa. Mwaka 1611, wanaume wawili wa Sidlesham, Sussex, walitozwa faini kwa kucheza kriketi siku ya Pasaka badala ya kwenda kanisani. Mwaka 1624, huko Horsted Keynes, Jasper Vinall alifariki baada ya kupigwa gongo kichwani: mpigaji alitaka kuupiga mpira mara ya pili ili usidakwe, naye Vinall alikuwa akikimbilia kuudaka. Tukio hilo linaonyesha jinsi mchezo usio na kanuni ya pamoja unavyoweza kuua. Mtu aliyeamini kwamba ana haki ya kupiga mara mbili na mtu aliyeamini kwamba ana haki ya kudaka walikuwa wakicheza michezo miwili tofauti katika uwanja mmoja.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na fedha. Baada ya kurejeshwa kwa ufalme mwaka 1660, mabwana wenye ardhi walianza kuunda timu na kuwekeana dau juu yake. Mwaka 1697 gazeti moja liliripoti mechi kubwa huko Sussex, watu 11 kila upande, kwa dau la gini 50. Dau la kiasi hicho halivumilii utata, kwa kuwa anayepoteza ana kila sababu ya kudai kwamba kanuni ilikuwa nyingine. Kwa hiyo, mwaka 1727, Duke wa Richmond na Alan Brodrick waliandikiana vipengele vya makubaliano kabla ya mechi zao mbili. Waliafikiana kuhusu idadi ya wachezaji, ambao walikuwa 12 kila upande, umbali wa yadi 23 kati ya wiketi, na sharti la mahali wachezaji wanapotoka. Kipengele kimoja kilieleza kwamba mchezaji yeyote asiyekuwa mmoja wa mabwana hao wawili hakuruhusiwa kutoa maoni juu ya uamuzi, na akifanya hivyo aondolewe mchezoni. Katika kipengele hicho nidhamu ya mchezo na utabaka wa jamii vimeandikwa kwa kalamu moja.

Mkataba wa 1727 ulikuwa wa watu wawili na wa mechi mbili. Kanuni za mwaka 1744, zilizohusishwa na Klabu ya Kriketi ya London iliyochezea uwanja wa Artillery Ground, zilikuwa na upana zaidi. Zilipanga urefu wa vijiti vya wiketi, uzito wa mpira na mamlaka ya waamuzi, zikakataza kupiga mpira mara ya pili kwa makusudi ili kuzuia kudakwa, na zikaweka umbali wa yadi 22, yaani takriban mita 20.12, kati ya wiketi na wiketi.

Kipimo hicho cha mwisho kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Yadi 22 ni urefu wa mnyororo wa wapima ardhi uliobuniwa na Edmund Gunter mwaka 1620. Ekari moja ni eneo lenye upana wa mnyororo mmoja na urefu wa minyororo 10. Hivyo, mkulima wa Njombe anayesema ana ekari tatu za viazi au za miti anatumia, bila kujua, kipimo kilekile kinachotenganisha mpigaji na mrushaji katika kriketi. Kriketi ilipangwa katika zama ambazo mashamba ya Uingereza yalikuwa yakipimwa, yakizungushiwa ua na kumilikishwa, na uwanja wake uligawanywa kwa chombo hichohicho.

Baada ya 1744 kanuni ziliendelea kukua kwa njia ya migogoro. Mwaka 1771, katika mechi kati ya Chertsey na Hambledon, Thomas White alikuja na gongo pana kama wiketi yenyewe. Hambledon walipinga, na upana wa gongo ukawekewa kikomo cha inchi nne na robo, kipimo kinachotumika hadi leo. Mwaka 1775, mrushaji aliyeitwa Lumpy Stevens alipitisha mpira mara tatu katikati ya vijiti viwili vya wiketi bila kuviangusha, na mpigaji, John Small, akaendelea kucheza kihalali. Ilionekana wazi kwamba mrushaji bora alikuwa amedhulumiwa na kanuni, na kijiti cha tatu kikaongezwa.

Klabu ya Hambledon yenyewe, iliyokutana katika nyanda za Broadhalfpenny huko Hampshire, inathibitisha kwamba kijiji kinaweza kuwa kitovu cha mchezo. Uhai wake, hata hivyo, ulitegemea fedha za wanachama matajiri waliotoka mbali, na walipovutwa na London, kitovu kilihama pamoja nao. Mwaka 1787 ilianzishwa Klabu ya Kriketi ya Marylebone katika uwanja uliotayarishwa na mfanyabiashara Thomas Lord, na mwaka uliofuata klabu hiyo ilitoa kanuni zake, ambazo polepole zilikubalika kote. Tangu hapo, mchezo ulikuwa na mkataba mmoja, ardhi yenye jina na jumuiya yenye daftari la wanachama.

3.0 Bombay, pwani na mfano wa Uganda

Njia ya kriketi kuja Afrika Mashariki haikuwa moja. Maafisa na wanajeshi wa Kiingereza waliileta moja kwa moja, lakini waliihifadhi katika klabu zao, na walipohamishwa waliondoka nayo. Njia iliyodumu zaidi ilipitia Bombay.

Mwaka 1848 Waparsi wa Bombay walianzisha Klabu ya Kriketi ya Oriental. Wahindu na Waislamu walifuata kwa klabu zao. Kuanzia 1877 Waparsi walicheza na Wazungu wa mji huo. Mwaka 1886 timu yao ilizuru Uingereza. Mwaka 1907 Wahindu waliingia na mashindano yakawa ya pande tatu, na mwaka 1912 Waislamu wakayafanya ya pande nne. Ngazi ya mashindano ilikuwa jumuiya ya dini, si mtaa wala wilaya. Mgogoro mkali wa awali ulihusu, kwa mara nyingine, ardhi: Waparsi walilalamika kwamba farasi wa Wazungu waliocheza polo waliharibu uwanja wa wazi ambao wenyeji waliutumia kwa kriketi. Mfumo wa klabu zinazoitwa gymkhana, kila jumuiya na yake, ulikomaa katika mazingira hayo.

Wahamiaji kutoka magharibi mwa India waliokaa Zanzibar, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam walikuja na mfumo huo ukiwa kamili. Jina la Dar es Salaam Gymkhana ni kumbukumbu yake, na uwanja wa Annadil Burhani wa Mabohora ni kielelezo cha jumuiya iliyotenga ardhi yake kwa ajili ya mchezo. Jamaa waliokuwa na msikiti au hekalu, shule na mfuko wa pamoja waliweza kutunza pia uwanja, kununua vifaa na kuwapa vijana wao wapinzani wa kudumu, yaani jamaa wa jirani. Kwa msingi huo Tanganyika iliweza kucheza na Kenya mwaka 1951. Mwaka 1966 Afrika Mashariki iliingia katika baraza la kimataifa la mchezo huo, na mwaka 1975 timu ya pamoja ilishiriki Kombe la Dunia la kwanza nchini Uingereza. Ilipoteza mechi zote tatu, dhidi ya New Zealand, India na Uingereza.

Orodha ya timu hiyo ya 1975 ni ushahidi wenye thamani kuliko matokeo yake. Kutoka Tanzania walikuwamo Shiraz Sumar na Praful Mehta. Wachezaji Waafrika weusi walikuwa wawili, Sam Walusimbi na John Nagenda, na wote wawili walitoka Uganda. Hili halikutokea kwa bahati. Nchini Uganda, shule za bweni za misheni zenye asili ya Uingereza, kama King's College Budo alikosoma Nagenda, ziliufanya mchezo kuwa sehemu ya malezi ya mwanafunzi Mwafrika. Shule ilikuwa na ardhi, ilikuwa na kanuni na, muhimu zaidi, ilikuwa jumuiya ambayo mtu huendelea kuwa mwanachama wake hata baada ya kuhitimu. Kwa maneno mengine, shule ilitimiza kazi iliyotimizwa na jamaa kule Dar es Salaam. Kwa hiyo dai la kwamba Mwafrika hakuvutiwa na kriketi halina msingi. Swali sahihi ni kama palikuwapo taasisi iliyomfikishia.

4.0 Nyanda za Njombe na njia panda ya Makambako

Swali hilo likielekezwa Njombe, jibu linaanza na utaifa wa waliofika. Misheni za Kilutheri katika Ubena, zikiwamo Kidugala, Yakobi na Lupembe, zilianzishwa na Wajerumani wa Misheni ya Berlin. Katika upande wa Kikatoliki, kazi kubwa baada ya Vita vya Kwanza ilifanywa na Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia. Hao wote walijenga shule, hospitali na makanisa yaliyobadili maisha ya eneo hili, lakini hawakuwa na kriketi ya kufundisha. Ubaguzi mmoja ni misheni ya Milo, iliyokuwa ya Waanglikana wa UMCA. Lakini elimu ya juu ya UMCA ilikuwa Kiungani, Zanzibar, na baadaye Minaki. Kijana wa Milo aliyetaka kuendelea na masomo aliondoka milimani.

Walowezi nao hawakusaidia. Kati ya vita viwili vya dunia, Wajerumani walikuwa sehemu kubwa ya walowezi wa Nyanda za Juu Kusini, hadi vita ya 1939 ilipowaondoa na mashamba yao kutwaliwa. Waingereza walikuja kwa uzito zaidi baadaye, mathalani kupitia Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, maarufu kama TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949 na Shirika la Maendeleo ya Makoloni. Hata hapo, wasimamizi wa shamba la miwati hawakutosha kuunda timu mbili, na mechi ya kriketi inahitaji wachezaji 22, waamuzi wawili na mwandishi wa alama. Kwa Wahindi hesabu ilikuwa hiyohiyo. Maduka yao yalitawanyika njiani, huku jumuiya zenye idadi ya kutosha zikiwa Iringa na Mbeya. Mfumo wa Bombay unahitaji jamaa mbili zinazoshindana; duka moja na familia yake haliwezi kuwa jamaa.

Ipo pia njia ya kurudi, ambayo watafiti wa michezo huisahau. Vijana wengi wa Kibena walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakarudi na mavazi, ngoma na mazoea ya huko. Soka liliweza kurudi nao kwa sababu lilichezwa katika kambi za manamba na mitaa ya miji, mahali ambapo hapakuwa na lango. Kriketi ilichezwa nyuma ya lango la klabu. Mkata mkonge angeweza kuitazama kwa mbali, lakini hakuweza kujiunga nayo, na mtu hawezi kuleta nyumbani kitu ambacho hakukishika.

Makambako ni kisa tofauti kidogo, kwa kuwa ukuaji wake ni wa juzi. Mji huo uko panapokutana barabara ya Iringa na Mbeya na ile ya Njombe na Songea, nao ulipata msukumo mkubwa kwa ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975. Kipande cha reli kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja mengi, kilikuwa miongoni mwa vigumu zaidi katika njia yote ya kilomita 1,860. Waliokijenga pamoja na Watanzania walikuwa Wachina. Hivyo ndivyo ilivyo historia ya kusini: Wajerumani, Waitaliano na Wachina walipita kwa wingi, na hakuna hata taifa moja kati ya hayo lililokuwa na kriketi ya kuacha nyuma.

Wakati Makambako inakuwa mji, vyombo vya kriketi vilikuwa vinadhoofika hata kule vilikokuwapo. Utaifishaji wa majumba wa mwaka 1971 uliwafanya Wahindi wengi kuondoka nchini, na klabu zikapoteza wanachama na wafadhili wao. Ni wazi kwamba mchezo uliokuwa ukipungua Dar es Salaam haukuwa na nguvu ya kupanda milima.

Soka limepita njia nyingine kabisa. Ngazi yake ni ya kieneo: mtaa, kata, wilaya, mkoa, taifa. Timu ya Njombe Mji ilipanda ngazi hiyo hadi kucheza Ligi Kuu katika msimu wa 2017/18, na ingawa ilishuka mwishoni mwa msimu huohuo, mashabiki wa mji mdogo waliipokea timu za Dar es Salaam katika uwanja wao wa Sabasaba. Mfumo wa kriketi uliorithiwa kutoka Bombay haukuwa na ngazi ya namna hiyo, kwa kuwa jamaa haina wilaya.

5.0 Ekari tatu

Suala hili si la historia pekee. Tanzania ilipata uanachama wake yenyewe katika baraza la kimataifa mwaka 2001, ikawa mwenyeji wa mashindano ya daraja la nne la ligi ya dunia jijini Dar es Salaam mwaka 2008, na mwaka 2025 timu yake ya vijana wa chini ya miaka 19 ilifuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Katika miongo hii Chama cha Kriketi kimeelekeza juhudi shuleni, na mafanikio ya timu za wanawake na vijana yanaonyesha kwamba shule zinaweza kutimiza kazi ya jamaa, kama zilivyofanya Uganda. Lililo mbele ya mikoa kama Njombe ni kama juhudi hizo zitafika zikiwa mchezo kamili au zikiwa sanduku la vifaa linaloachwa stoo baada ya mafunzo ya siku mbili.

Uchambuzi uliotangulia unaelekeza jicho kwenye ardhi kwanza. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 hauzidi ekari mbili. Uwanja wa kriketi wenye kipenyo cha mita 130 unachukua zaidi ya ekari tatu. Katika wilaya ambamo ekari moja ya parachichi au ya miti ya mbao ni akiba ya kusomesha mtoto, kuomba ekari tatu za nyasi ni ombi zito, na halmashauri au bodi ya shule inayoulizwa ina haki ya kusita. Uwezekano wa kweli ni kutumia viwanja vya soka vilivyopo kwa mchezo uliopunguzwa, wenye wachezaji wachache na mpaka wa karibu. Jambo hilo si aibu, kwani kriketi ya kabla ya 1744 ilichezwa kwenye nafasi iliyopatikana.

Kisha kuna majira. Mvua za Njombe huanza karibu Novemba na huendelea hadi Aprili au Mei. Juni na Julai zina baridi kali na ukungu wa asubuhi. Soka huvumilia tope, ilhali mpira wa kriketi hutegemea kudunda, na katika ardhi iliyolowa haudundi. Afrika Mashariki ilikwisha kulitatua tatizo hili zamani kwa kutandika mkeka juu ya udongo ulioshindiliwa au zege, na vizazi vya wapigaji wa Kenya na Tanganyika vilikulia juu ya mikeka hiyo. Ukanda wa zege wenye urefu wa mnyororo mmoja, uliojengwa pembeni au katikati ya uwanja wa shule na kufunikwa udongo msimu wa soka, ni gharama ambayo shule ya sekondari inaweza kuijadili na wazazi kwa tarakimu. Muda bora wa kuutumia ungekuwa kuanzia Agosti hadi Oktoba, kabla mvua hazijarudi. Miezi hiyo, hata hivyo, huingiliana na maandalizi ya mitihani ya kidato cha nne, kwa hiyo timu ya kwanza ya shule ingefaa iundwe na wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha tatu.